Boksi la sokoni linapepesa tu: jibu kwa mama wa Kamalondo

Swali: "Yaya fundi, jambo. Nina sekretaria ndogo hapa Kamalondo, Lubumbashi: fotokopi, kuchapisha, kuwajazia watu fomu. Mwaka jana niliingiza intaneti ya fibri. Juzi umeme ulirudi kwa nguvu baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, boksi la intaneti likazima moja kwa moja. Kampuni inataka dola 50 na inasema ningoje. Mtoto wa dada yangu akapata lingine soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, kwa dola 15, sura ileile. Tumelichomeka: taa nyekundu haiwaki, lakini ile iliyoandikwa PON, ya mtandao wa faiba, inapepesa kutoka asubuhi hadi jioni na intaneti hakuna. Kijana akalifungua kwa bisibisi, akakuta chipu yenye jina ambalo si la kampuni iliyoandikwa juu ya boksi. Nimeuziwa feki? Na ni kweli watu wanavyosema, kwamba madini yetu yamo humo ndani? Kama ni kweli, mbona sisi ndio wanunuzi?"

Mama, jambo sana. Chipu na madini tutayafikia, ila kwanza katoe lile boksi lililozima kule ulikolitupa. Umeme ukirudi kwa kishindo, kinachopigwa kofi la kwanza ni adapta, kile kidude cheusi cha ukutani kinachoshusha volti 220 zifike 12. Mara nyingi hufa chenyewe, boksi likabaki zima. Faiba, yaani hiyo fibri yetu, ni uzi wa kioo. Haipitishi umeme, kwa hiyo pigo halikuingia kwa njia hiyo. Tafuta adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, ujaribu. Usichukue ya volti 19 ya kompyuta eti kwa kuwa kichwa kinaingia. Hapo utaua kile ambacho delestaji ilikisamehe. Boksi likiwaka, yote yanayofuata yasome kwa kujifurahisha.

Sasa hilo jina. Hapana, si dalili ya feki. Kampuni iliyoandikwa juu ya boksi ni mpishi, na aliyetengeneza chipu ni mwenye kinu. Unga ukitoka kinu kimoja unaweza kuwa bukari, yaani ugali, nyumba kumi, kila nyumba na mkono wake. Wenye vinu hivi ni wachache, na majina yao mteja wa kawaida hakutani nayo mpaka kijana mwenye bisibisi aingie kazini. Kuna Broadcom ya Marekani, Realtek na Airoha za Taiwan, MaxLinear ya California, na HiSilicon, ambayo ni mkono wa Huawei wenyewe. Na hata hao wengi wao hawana tanuri: wanachora tu chipu, kisha kazi ya kuichapa juu ya silikoni wanaipeleka kwa viwanda vya kukodi kama TSMC ya Taiwan. Kwa hiyo boksi moja la dola 15 lina mchoraji wake, mchapaji wake, mfungaji wake na muuzaji wake, na ni yule wa tatu au wa nne tu anayepata nafasi ya kuandika jina juu ya plastiki.

Ukifuata historia ya biashara hii utaona jinsi walivyomezana. Passave ilianzishwa Israel mwaka 2001 kwa kazi hiihii ya chipu za faiba ya nyumbani. Mwaka 2006 ikanunuliwa na PMC-Sierra, ambayo nayo ikaja kumezwa na Microsemi, na Microsemi ikamezwa na Microchip mwaka 2018. BroadLight, nyingine ya Israel, ilichukuliwa na Broadcom mwaka 2012, miaka miwili baada ya Broadcom hiyohiyo kuichukua Teknovus. Lantiq ya Ujerumani ilizaliwa mwaka 2009 kutoka tumbo la Infineon, ikaingia Intel mwaka 2015, na mwaka 2020 ikauzwa tena, safari hii kwa MaxLinear. Sababu ni rahisi. Kuchora chipu kama hiyo kunahitaji wahandisi wengi kwa miaka mingi, halafu inauzwa ndani ya kifaa ambacho kampuni za simu hukigawa karibu bure. Faida ya kila kipande ni kiduchu. Usipouza mamilioni, unauza kampuni yenyewe.

Lakini chipu hiyo inafanya nini hasa hata iwe ngumu hivyo? Hapa ndipo penye jibu la taa yako inayopepesa, kwa hiyo univumilie.

Wengi wanadhani uzi ulioingia sekretaria yako unatoka moja kwa moja kwenye kituo cha kampuni, wako peke yako. Sivyo. Kutoka kituoni hutoka uzi mmoja, na mahali fulani barabarani, ndani ya kisanduku juu ya nguzo au ukutani, kuna kigawanyo: kipande cha kioo kisicho na umeme wowote, kinachopasua mwanga huo mmoja kuwa 32 au 64. Wewe na majirani zako mnakula sahani moja. Mwanga unaokuja kwenu unafika kwa wote ukiwa uleule, pamoja na barua za jirani na video za mtoto wa jirani. Chipu yako husikia yote, ikachukua yenye namba yake na kuyaacha mengine. Ndiyo maana kanuni za mfumo huu zimeweka njia ya kuyafunga yanayoshuka kwa ufunguo wa siri wenye biti 128, ili mwenye boksi lenye tamaa asisome ya wenzake.

Kushuka ni rahisi, kama redio. Kazi iko kwenye kupanda. Maboksi 32 yakimulika kwa pamoja kwenye uzi mmoja, kituo kitapata uji wa mwanga usio na maana. Lazima waongee mmoja mmoja, na zamu zenyewe ni fupi kupita kufikiri. Katika mfumo uitwao GPON, ambao kanuni zake zilitoka kuanzia mwaka 2003, sekunde moja hukatwa vipande 8,000, na ndani ya kila kipande kituo hugawa nafasi: wewe sema sasa, wewe ngoja, wewe nyamaza kabisa. Anayepandisha picha kubwa hupewa zaidi, aliyelala hupewa kidogo.

Na kuna jambo moja linalonifanya niiheshimu chipu hii kuliko hata ile ya simu. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita moja inakula sehemu tano za milioni za sekunde. Tuseme kituo kiko kilomita mbili kutoka kwako, na mwenzako wa kartie ya Golf yuko kilomita nane. Mkiambiwa "ongea sasa" kwa wakati mmoja, sauti yako itafika kabla ya yake, na zamu zitagongana. Kwa hiyo boksi jipya likichomekwa, kituo kwanza hulipima umbali: kinaliita, kinasubiri jibu, kinahesabu lilichukua muda gani kwenda na kurudi. Kisha kinaliamuru lichelewe kiasi fulani, ili wote waonekane kana kwamba wamekaa umbali mmoja. Biti moja inayopanda kwenye GPON, kwa mwendo wa gigabiti 1.244 kwa sekunde, ukiinyoosha kwenye uzi ina urefu wa sentimita 16 hivi. Chipu ya dola chache huwasha na kuzima leza kwa kipimo cha shubiri, juu ya uzi wa kilomita nyingi, na inafanya hivyo usiku kucha wewe ukiwa umelala.

Likikosea boksi moja, wote wanaumia. Niliwahi kuitwa na kampuni moja ya hapa mjini, nisiitaje, kwenye avenue iliyokuwa inapoteza intaneti kila alasiri. Nyuzi zilikuwa safi, kigawanyo kizima. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukichomoa boksi moja moja mpaka tukalikuta: lilikuwa limewekwa juu ya friji, kwenye joto, na leza yake ikipata moto ilikuwa haizimi. Lilimulika bila zamu na kuwafunika majirani wote. Mwenye nyumba hakuamini kwamba ni yeye, maana kwake ndiko intaneti ilikokatika kidogo kuliko kwa wengine.

Turudi kwako. Taa nyekundu haiwaki: maana yake mwanga unafika. PON inapepesa bila kutulia: maana yake boksi linasikia lakini halijakubaliwa, au linasikia lugha lisiyoijua. Kwa simulizi yako naona visababishi vitatu, na cha kwanza ndicho ninachokishuku kuliko vyote.

Kuna GPON, na kuna ndugu yake EPON, ambaye amekaa sana Japani na Uchina. Mifumo hii imetengenezwa na kamati mbili tofauti, mwaka mmoja hivi kati yao. Ubaya ni kwamba yote miwili hutumia rangi zilezile za mwanga, nanomita 1490 kwa kushuka na 1310 kwa kupanda, rangi ambazo jicho halizioni. Plagi ni ileile, taa zilezile, plastiki ileile. Ukichomeka boksi la EPON kwenye uzi wa GPON, linaona mwanga na kutulia, "naam, nimesikia," kisha linatafuta mwanzo wa sentensi na halioni. Litapepesa mpaka Kristo arudi. Geuza boksi, soma kibandiko cha chini: kama kimeandikwa EPON, usipoteze muda wala pesa ya fundi. Hakuna programu ya kulibadilisha. Tofauti imechongwa ndani ya chipu yenyewe, ingawa zipo chipu zinazojua lugha zote mbili, na hizo hujisifu kwenye kibandiko.

Kama kimeandikwa GPON, tazama namba yake. Ni herufi nne za mtengenezaji, mfano HWTC kwa Huawei au ZTEG kwa ZTE, zikifuatwa na alama nane, tarakimu au herufi. Hiyo ndiyo kadi ya uchaguzi ya boksi lako. Kituo kina orodha, na namba isiyo kwenye orodha husikilizwa, hupimwa, kisha hufukuzwa. Hapa kampuni inaweza kukusaidia kwa dakika tano ikitaka: wakiiandika namba mpya mahali pa ile ya zamani, linaweza kushika. Nasema linaweza, kwa sababu baada ya kukubaliwa kituo hulitumia boksi maagizo ya jinsi ya kufanya kazi, na hapo kila mtengenezaji ana lafudhi yake. Nimeona boksi likipata taa ya PON ya kijani iliyotulia vizuri, na intaneti isipite hata tone. Kwa mteja, hiyo ni mbaya zaidi kuliko kupepesa, maana inakupa matumaini.

La tatu ni rangi ya plagi. Ile ya kijani ncha yake imekatwa mshazari, digrii 8. Ya buluu imekatwa wima. Ukiingiza ya kijani kwenye tundu la buluu zinaingia bila shida, lakini ncha hazigusani sawasawa, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Kumbuka kinachofika kwako si kingi: boksi la kawaida la GPON husikia mpaka -27 dBm, ambazo ni sehemu mbili za milioni za wati moja. Kigawanyo cha 32 peke yake hula desibeli kama 17, yaani inabaki sehemu moja hivi kati ya hamsini. Hakuna cha kuchezea hapo. Hata jasho la kidole kwenye ncha linatosha kuharibu, kwa hiyo usiipanguse na kitambaa cha duka. Tumia pamba isiyoacha nyuzi na spiriti. Na usiichungulie. Huoni kitu, lakini si sababu ya kuizoea.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: adapta kwanza. Ikishindikana, piga picha ya kibandiko cha boksi la zamani na la sokoni, uende navyo kampuni na uwaulize swali moja tu, "mkiandika namba hii, litashika?" Wakikataa, hizo dola 50 zilipe lakini waombe wakuandikie kwenye risiti kwamba boksi likifa tena ndani ya muda fulani watalibadilisha. Dalali wa sokoni hana la kukuandikia. Na mwambie kijana aache bisibisi. Ndani mle, karibu na plagi, kuna kikopo kidogo cha rangi ya dhahabu chenye leza na jicho la kupokea. Leza hiyo haikutengenezwa kwa silikoni, kwa sababu silikoni haijui kutoa mwanga vizuri. Ni indiamu na fosforasi, na uzi mwembamba unaoingia humo ukipinda vibaya umekwisha.

Halafu nunua betri. Hili nalisema kwa kila mwenye sekretaria. Kwa kuwa kigawanyo cha barabarani hakihitaji umeme, delestaji ya kartie yenu haikati intaneti. Inachokata ni boksi lako tu. Kituo kikiwa na jenereta yake na wewe ukawa na betri ya volti 12, utaendelea kufanya kazi gizani. Betri ya ampea-saa 7, ile ya king'ora cha usalama wa nyumba, ina wati-saa 84. Boksi linakula wati kumi hivi, na kwa kuwa si vizuri kuimaliza betri hiyo kupita nusu, hesabu saa nne. Tumia kidhibiti cha volti katikati, usiunganishe waya kwa waya. Betri pia inalinda dhidi ya lile kofi la umeme unaporudi. Maboksi mengi yana adabu moja ya kuaga: umeme ukikatika, chipu hutumia ule kidogo uliobaki kwenye kapasita kupeleka neno la mwisho kituoni, "nakufa kwa umeme," ili mafundi wasitoke usiku kutafuta uzi uliokatika.

Madini, sasa. Ni kweli, ila si vile watu wanavyofikiri. Chipu yenyewe ni silikoni, na silikoni ni mchanga. Hakuna anayekuja Katanga kutafuta mchanga. Ndani yake kuna nyaya nyembamba za shaba, na shaba hizo hufungwa na tantalamu ili zisipenye kwenye silikoni. Shaba na tantalamu unajua zinachimbwa wapi katika nchi hii. Lakini kiasi chake kwenye boksi moja ni cha kupima kwa mizani ya sonara, na madini yakishayeyushwa hayana kijiji.

Tafuta kwenye uzi badala ya boksi. Kiini cha faiba kina upana wa maikromita tisa hivi, na ili mwanga usitoroke kikiwa njiani lazima kiwe kizito kidogo kwa mwanga kuliko kioo kinachokizunguka. Kinachokipa uzito huo ni oksidi ya jerimani. Na jerimani, mama, unaiona kila ukipita karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Lile lima jeusi la terili ni mabaki ya tanuri la shaba lililowashwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi lilikuwa linameza mawe ya Kipushi, mawe yenye zinki, shaba na jerimani kwa pamoja. Shaba ilitoka, jerimani ikabaki kwenye majivu. Kuna hata jiwe lenye jerimani, renierite, lililoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kipushi. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilikubaliana na Umicore ya Ubelgiji, na mwaka huohuo shehena ya kwanza ikaondoka kwenda kusafishwa huko. Uchina, inayotawala soko la jerimani, ilikuwa imeanza kubana mauzo yake ya nje tangu Agosti 2023, kwa hiyo wanunuzi walianza kutazama upya malima ya wengine.

Mbona sisi ndio wanunuzi? Kwa jerimani, jibu ni kwamba tunauza unga mchafu na kununua uzi. Hilo linaweza kubadilika, hatua kwa hatua, maana kusafisha madini ni kazi tunayoijua. Kwa chipu ni habari nyingine, na huwa sipendi wanasiasa wanaposema tutajenga kiwanda cha chipu hapa kabla hawajatupa umeme wa siku tatu mfululizo. Kiwanda cha namna hiyo kikipepesa umeme mara moja kinatupa kazi ya wiki. Ningeridhika kwanza na maabara moja pale Polytechnique ya chuo kikuu chetu, UNILU, inayojua kupima maboksi yaliyokufa, kwa sababu naamini nusu yake hayajafa.

Na zile dola 15 hazijapotea. Hata kama boksi la sokoni ni EPON, sehemu ya faiba ndiyo isiyokufaa; Wi-Fi yake na matundu ya waya yanafanya kazi. Ukishapata boksi linaloshika, ingia kwenye menyu ya hili la sokoni, zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani za mtandao, lipe anwani isiyogongana na ya lile jingine, kisha uunganishe waya wa mtandao kati ya matundu yao ya LAN na uliweke chumba cha nyuma, kule kwenye mashine ya fotokopi. Taa ya PON itaendelea kupepesa. Ibandike plasta.